Anti wa Saluni: Nataka kichwa cha dhahabu na kila siku napanda mwendokasi

Meseji zimejaa jamani. Kila Desemba ikikaribia huwa ni hivihivi, mna sendofu, mna kichen pati, mna safari ya kwenda kwenu mkoani na kila mmoja anataka ashuke kwenye basi na kichwa ambacho mwaka jana hakuwa nacho. Nimechukua maswali manne marefu na machache mafupi, mengine nimeyapunguza maana yalikuwa na mambo ya nyumbani kwenu ambayo hayanihusu.

Ila nyie mnaonitumia picha ya uso tu na kuniandikia "anti nikate nini", uso haunitoshi. Niambie unaenda kazini na usafiri gani, unaoga maji gani, asubuhi una dakika ngapi za kioo, mfukoni kukoje na saluni unaenda mara ngapi kwa mwezi. Uso tutaufikia, ila unakuja mwisho.

*Anti shikamoo. Mi ni dada wa miaka 27, naishi Kimara, nafanya mapokezi kwenye ofisi moja huku Posta. Nywele zangu zina dawa tangu nimalize sekondari, zinafika mabegani. Nataka nikate bobu af niweke rangi ya dhahabu, ile yenyewe kabisa inayong'aa, kuna dada nimemuona mtandaoni kaweka kapendeza balaa. Msusi wangu anasema inawezekana, atanifanyia retachi (dawa kwenye zilizoota) na blichi siku hiyohiyo ili nisije mara mbili. Rangi yangu ni maji ya kunde. Nifanye?*

Marahaba mdogo wangu. Bobu sawa. Dhahabu kwenye nywele zako mwenyewe hapana, na hiyo habari ya retachi na blichi siku moja ndo hapana kabisaaa, huyo msusi anakuokolea nauli ya siku moja halafu anakutia hasara ya mwaka mzima.

Sikiliza ilivyo. Dawa ya kunyoosha, iwe yenye lai (ile soda kali) au ile inayoandikwa haina lai, inanyoosha kwa kuvunja vile vifungo vya ndani ya unywele vinavyoufanya ujikunje, ndo maana ikishashika hairudi tena mpaka uote unywele mwingine. Na vifungo hivyohivyo ndo nguvu ya unywele. Sasa blichi nayo inapita mulemule, inafungua magamba ya nje, inaingia ndani inakula rangi ya asili, na sisi wenye nywele nyeusi tuna rangi nyingi mle ndani, haitoki nyeusi ikaruka moja kwa moja dhahabu, inapita kwanza kwenye nyekundu, inakuja chungwa, ndo inafika njano, na kila inapopita unywele unapungukiwa kitu. Ule ambao ulishapigwa dawa ukiupitisha safari yote hiyo, ukiwa na maji unavutika na haurudi, ukikauka unabaki kwenye kitana. Nimeona wateja wakiletwa na ndugu zao na khanga kichwani, wanalia, na hapo hakuna tritimenti ya kuunganisha kilichokatika, kinachobaki ni mkasi.

Jifunze na hili hata kama hutaki blichi. Ile chupa ya maji ya kuchanganyia rangi, ile peroksaidi, ina namba. 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, 40 ni asilimia 12. Kwa rangi ya kawaida ya kahawia 20 inatosha sana. Mwenye nywele za dawa akiona msusi anafungua 40 anyanyuke kwenye kiti, hata kama taulo liko shingoni.

Na huyo dada wa mtandaoni mi naweza kuweka dau kwamba lile ni wigi. Ndo ushauri wangu kwako, kama dhahabu inakuwasha kweli kweli nenda Kariakoo katafute wigi la bobu, livae Ijumaa jioni, livue Jumapili usiku, Jumatatu uko mapokezi na nywele zako. Bei inauma, najua, bajeti ya 2019 iliweka ushuru wa asilimia 25 kwenye mawigi na nywele za bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa hapahapa, tulilalamika weee mwisho tukanyamaza tukanunua. Bado ni nafuu kuliko kuotesha kichwa upya. Au suka rasta zilizochanganywa nyeusi na dhahabu, hapo rangi iko kwenye rasta, kichwa chako kimepumzika.

Kwenye nywele zako mwenyewe mi ningekupa kahawia yenye wekundu kwa mbali, au bagandi (wekundu wa zabibu) iliyokolea kama ofisini hawana neno. Maji ya kunde wengi wanakaa vizuri na rangi za joto, shaba, asali iliyoiva, kahawia nyekundu, ila wengi sio wote, kwa hiyo jipime. Chukua kitambaa cha haradali na kingine cha pinki iliyopoa, simama mlangoni mchana, sio ndani, taa za saluni zinadanganya sana, weka kimoja chini ya kidevu kisha kingine. Kimoja kitafanya uso uchangamke, kingine kitakufanya uonekane umeamka na malaria. Mambo ya kuangalia mishipa ya mkononi kama ni ya kijani au ya bluu wanayosema kwenye video yaacheni, kwa ngozi zetu wengi mtakodoa macho mpaka kesho. Na baada ya retachi subiri angalau wiki mbili ndo rangi iguse kichwa, na aanze na kipande kidogo cha nyuma ya sikio aone kinavyoshika.

Sasa bobu. Kimara mpaka Kivukoni asubuhi tunajua hali ilivyo, umesimama, mkono juu, kwapa la mtu liko usoni, madirisha hayafunguki vizuri, jasho linaanzia shingoni. Bobu inayoishia begani inagonga kola ya blauzi, mpaka unashuka ncha zote zimegeuka nje upande mmoja na upande mwingine zimelala. Kwa hiyo akate vidole viwili chini ya kidevu, isifike kola, mbele iwe ndefu kidogo kuliko nyuma ili uweze kuibana nyuma ya sikio ukiwa kazini. Na kwa kuwa nywele za dawa nyingi ncha zinakuwa nyembamba, mwambie akate usawa, asikuwekee ngazi, ngazi kwenye nywele chache zinaonyesha ngozi ya kichwa. Usiku zizungushie kichwani, funga kitambaa cha satini, asubuhi ni kitana tu unatoka.

*Anti mambo. Mi ni kijana wa miaka 31, naendesha boda, kijiwe chetu kiko Sinza. Nywele za mbele zimeanza kurudi nyuma huku pembeni, kinyozi wangu huwa ananichonga halafu anajazia na black, ile rangi nyeusi. Siku ya kwanza natoka mkali sana. Ila mara mbili za mwisho paji la uso limewasha, na hii ya juzi nimevimba mpaka kope. Pia kisogoni nina vipele haviishi. Nibadilishe black ya aina gani, na nikate staili gani ya kuficha uwaraza?*

Poa kaka. Hakuna aina ya kubadilisha hapo, unaacha. Leo.

Black nyingi zinazodumu, za saluni za kiume na zile za pakiti za dukani, zina kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD. Kuna watu hawapatani nayo, na mwili ukishaikataa huwa hausahau, kila ukirudi unaweza kujibu kwa nguvu zaidi ya mara iliyopita. Umeanza na kuwashwa, ukaja kope, sitaki tufike kwenye pumzi. Ukivimba tena macho au midomo, au ukahisi kifua kinabana, usirudi kwa kinyozi akupake losheni, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na hii kemikali ndo mara nyingi inachanganywa kwenye piko nyeusi ya kuchorea mikono na miguu kwenye harusi, kwa hiyo kama na wewe ni wa kujichora piko bwana harusi ukiwa, usithubutu. Wengine mnaosoma ambao hamjawahi kuvimba, pakeni kidogo kwenye kiwiko kwa ndani au nyuma ya sikio mkae saa 48 kabla ya kupaka kichwani. Najua hakuna kinyozi wa Dar atakayekuambia urudi baada ya siku mbili, kwa hiyo mwombe akupakie hicho kidogo leo af uje wikiendi.

Uwaraza sasa. Kaka ukishaanza kuuficha kwa rangi unakuwa mtumwa, mvua moja ya Novemba na helmeti inakufuta kila kitu, abiria anashuka anakuangalia mara mbili. Kinachosaidia ni kukata chini kabisa. Pale mbele pamebaki ngozi, sasa ukiacha nywele ndefu juu, ile tofauti ya nyeusi na ngozi inaonekana kutoka upande wa pili wa barabara, ukizishusha zote mpaka mashine namba 1, ambayo ni kama milimita 3, au chini yake kidogo, tofauti inapungua na mtu anaona kichwa kilichonyolewa vizuri, basi. Pembeni ashushe kwa fedi taratibu. Na acha ndevu zijae kidogo ziwe nadhifu, jicho la mtu linashuka chini.

Jambo jingine, mkataze kinyozi kuchonga kona mbele. Kila wiki anakufuata ule mstari anausogeza kidogo nyuma ili unyooke, wiki kidogo, wiki kidogo, ukijumlisha uwaraza wako nusu ni wa babu yako na nusu ni wa mashine.

Vipele vya kisogoni vinatokana na nywele zetu zilivyo, zinajikunja, ukizinyoa sawa na ngozi ile ncha inageuka inarudi kuchoma ndani. Kwa hiyo kisogoni usipitishe kiwembe wala mashine tupu, acha hizo milimita 3, na asikukwangue na taulo lenye spiriti akidhani anaua wadudu. Kola ya jaketi la boda nayo inasugua palepale kutwa nzima, ifungue kidogo au vaa jaketi lisilo na kola ngumu. Vikiwa vigumu na vinaanza kupanda kama makovu, muone daktari wa ngozi mapema, Muhimbili wapo, maana vikishakuwa kovu kubwa ni kazi nyingine kabisa. Na nunua mashine yako ndogo uende nayo. Unalipa hela yako, hakuna sababu ya kugawana mashine na kijiwe kizima.

(Abiria nao: dada zangu mnaogoma helmeti kwa ajili ya nywele, beba kitambaa chepesi cha satini kwenye pochi, funga kwanza ndo uvae. Nywele zitaota, kichwa hakioti.)

*Habari anti. Mi ni nesi, mama wa watoto wawili, niko Tabata. Wa pili ana miezi minne na nusu na nywele zinanyonyoka kila nikichana, za mbele ndo zimeisha kabisa. Nywele zangu hazina dawa. Wifi anasema ni kwa sababu nanyonyesha. Nafikiria ninyoe zote, af nikishanyoa niweke rangi kidogo nijisikie mtu. Uso wangu ni wa duara na nina mashavu. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi.*

Hongera ya mtoto mama. Swali lako nimelipenda kwa kuwa umenipa kila kitu, mpaka maji.

Wifi mwambie sio kunyonyesha. Ukiwa mjamzito nywele ambazo zilitakiwa zidondoke hazidondoki, zinakaa, ndo maana wengi mnakuwa na nywele nzuri tumboni kukiwa na mtoto, sasa ukishajifungua zile zilizokuwa zinasubiri zinaanza kushuka kwa pamoja. Kwa kawaida inaanza mwezi wa pili mpaka wa nne, na wengi mtoto akifika mwaka zimesharudi. Zisiporudi, au ukiona zinatoka kwa mabaka, wewe ni nesi unajua mlango wa kugonga, pima na damu. Kwa sasa usisuke rasta nzito wala usivute nyuma kwa kubana, hizo za mbele zinazoota ni laini sana.

Kunyoa nakubaliana nawe, ila nyoa kwa mpango. Ukikaa kwa kinyozi ukasema "punguza" atakupa kichwa cha mwanafunzi. Kwa uso wa duara unataka kimo juu na wembamba pembeni, kwa hiyo mwambie juu aache namba 4, hiyo ni milimita 13 hivi, pembeni na nyuma namba 2, milimita 6, aunganishe taratibu bila mstari unaoonekana. Hapo mashavu yako yanakuwa uzuri, hayawi upana. Uso ungekuwa mrefu ningekuambia kinyume chake, uache pembeni zijae na juu usipande. Mbele asikuchonge kabisa, narudia, asikuchonge. Zile nywele ndogo zinazorudi mbele zinaota zikiwa hazina mpangilio, ukichora mstari leo, wiki ijayo una mstari na vijinywele mbele ya mstari. Aache kingo zako zilivyo, laini. Na anyoe zikiwa kavu na ziko katika hali yake ya kujikunja, asizipige draya kwanza, nywele za kipilipili zikinyooshwa zinadanganya urefu, zikilowa jioni zinarudi juu nusu nzima ndo unagundua upande mmoja ni mfupi.

Mwenye nywele fupi msimdanganye kuwa ameokoa hela lakini. Fupi inataka kinyozi kila wiki mbili tatu la sivyo inapoteza umbo, ndefu iliyosukwa inakuvumilia zaidi. Unachookoa ni muda, na wewe mwenye zamu za usiku na mtoto wa miezi minne muda ndo unaoutaka.

Rangi hapa nakuruhusu, tena nafurahi. Nywele fupi zisizo na dawa ndo mahali pazuri pa kujaribu, maana zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, ukiichukia rangi, baada ya ziara chache kwa kinyozi imeisha yote sakafuni. Subiri tu kimbunga cha kunyonyoka kitulie kwanza. Kisha chukua shaba au asali, na sio kichwa kizima, apake ncha za juu tu, mashina yabaki meusi, haigusi ngozi, hamvuti harufu nyingi na mtoto, na inapoota haionekani imeota. Ule ukaguzi wa saa 48 niliomwambia kaka wa boda na wewe unakuhusu.

Maji ya chumvi ndo adui yako wa kweli. Yanaacha nywele ngumu, rangi inafifia inakuwa ya vumbi, mafuta ukipaka yanakaa juu. Osha na hayohayo kama huna mengine, ila suuza ya mwisho iwe ya maji laini, kinga ndoo ya mvua msimu huu au tia ndoo moja ya maji ya bomba pembeni kwa ajili ya kichwa tu. Mara moja kwa mwezi tumia ile shampuu ya kuondoa chumvi na madini, halafu siku hiyo weka tritimenti ya unyevu, maana inakausha. Wenzangu wenye dawa isiyo na lai na maji ya kisima mko pabaya zaidi, dawa ile huacha chokaa yake kwenye nywele na kisima kinaongeza yake.

*Mwanangu salama? Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 61, naishi Magomeni. Nimekuwa napaka nyeusi kila mwezi, sasa nimechoka, wiki mbili tu nina barabara nyeupe katikati ya kichwa. Shoga zangu wanasema nirudi kwenye hina, binti yangu anasema niache mvi. Mtandio navaa muda mwingi lakini Februari mjukuu anaolewa na ukumbi ni wa wanawake watupu, nitakuwa kichwa wazi. Wigi sitaki, marehemu mama alikuwa akisema wigi ni uhuni.*

Shikamoo mama. Nimecheka hapo kwa bibi lakini namuelewa kabisa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969, na wigi liliwekwa kapu moja na vimini, suruali za kubana na krimu za kujichubua, vijana wanazunguka hapa mjini wanawasaka wavaaji. Mtu aliyekuwa binti au mama kijana wakati ule, wigi halijawahi kuwa wigi tu. Tuliache.

Kuhusu nyeusi umeshajijibu mwenyewe, inaleta ule mpaka. Nyeupe ikiota chini ya nyeusi tii inaonekana hata kama ni kidogo, na nyeusi tii kwa umri wako inakaza uso, inaonyesha kila kivuli chini ya jicho. Hina ni nzuri na ni yetu, ila kwenye mvi tupu haitoi kahawia, inatoa chungwa. Baadhi ya wanawake wanaipenda hiyo, na mi nikiona bibi wa Kariakoo na hina yake ya chungwa namsalimia kwa heshima zote. Kama hutaki chungwa, inabidi baada ya hina upake unga wa majani ya nili, ndo inashuka kwenye kahawia iliyoiva. Kitu kimoja tu, pakiti inayosema "hina nyeusi" iogope, jani la hina halitoi nyeusi, hapo kuna kitu kimeongezwa, inaweza kuwa ile PPD au chumvi za madini. Hizo za madini, siku mtu akija kukupaka rangi ya peroksaidi juu yake, nywele zinaweza kupata moto na kukatika hapohapo.

Mimi niko upande wa binti yako. Nyeusi acha leo, na mwezi huu nenda ukakate fupi, sentimita mbili tatu. Mpaka Februari unapata kama sentimita tatu mpya, ukipunguza tena wiki ya mwisho nyeusi yote itakuwa imetoka, utaingia ukumbini na mvi safi, fupi, na herini kubwa. Huu mtandio unakusaidia, miezi ya katikati ambayo wengi wanaikimbia kwa kuwa kichwa kina rangi mbili, wewe hakuna anayeona isipokuwa wa nyumbani. Mvi zikianza kuwa na umanjano, kwa jua, moshi wa jikoni na maji magumu, kuna shampuu ya zambarau, mara moja kwa wiki, isikae muda mrefu mama, utatoka na zambarau yenyewe. Na usifunge mtandio nywele zikiwa mbichi. Kofia ya ndani iwe ya satini, zile za pamba zinanyonya mafuta yote.

Ukiona mvi huziwezi, usirudi nyeusi, omba kahawia ya wastani isiyo ya kudumu, inafifia yenyewe bila kuacha mpaka.

Mafupi mafupi sasa.

*Nimemaliza mtihani wa fomu foo wiki hii, nataka dawa na bagandi kabla ya Krismasi.* Hongera mdogo wangu. Suka rasta za bagandi. Ukichaguliwa fomu faivu shule nyingi zitakutaka na kichwa kifupi tena Julai, kwa nini ulipie dawa ya miezi saba?

*Mke wangu amekata nywele zote bila kuniambia, nifanyeje?* Mwambie amependeza.

*Naogelea Coco kila Jumapili na nina rangi.* Lowesha nywele kwa maji baridi ya kawaida kabla hujaingia, unywele ulioshiba maji hauna nafasi ya kunywa mengi ya chumvi, paka mafuta ya nazi kidogo kwenye ncha, ukitoka suuza hapohapo usisubiri kukaukia kwenye mishikaki. Bwawa la hoteli lenye klorini ni vivyo hivyo.

*Rangi za Kariakoo nitajuaje kama ni nzima?* Angalia nembo ya TBS, shirika la viwango, wao ndo wanasimamia vipodozi tangu 2019, angalia tarehe ya kuisha, na boksi lisiwe limefunguliwa na kubandikwa gundi upya. Bomba la krimu likiwa limevimba rudisha. Na usinunue iliyopangwa juani, hata muuzaji akikushushia bei.

*Mtoto wangu wa miaka sita anataka rangi nyekundu ya sikukuu.* Ribini nyekundu zipo mama, na shanga zipo.